Siku Laptop Yangu Ilipomnyamazisha Anko Maundu

Kama wewe ni wa Mutomo na ulikuwa kwetu siku ile ya mbuzi wa dada yangu, tafadhali usisome, ulishacheka vya kutosha. Ninyi wengine sogeeni. Nimeona heri nijisimulie mwenyewe, kwa sababu inavyosimuliwa sokoni nimeongezewa hadi machozi, na mimi sikulia (macho yaliingia vumbi, na mwenye kubisha aje Mutomo wakati wa kiangazi alione lile vumbi).

Naitwa Musyoka. Nina saiba mjini Wote, si mbali na ofisi za kaunti, nachapisha vyeti na kutuma maombi ya kazi ya watu waliosahau nywila zao, lakini nyumbani kwetu ni Mutomo. Kwa miaka mingi ukoo wetu ulikuwa na mtu mmoja tu wa kompyuta, na mtu huyo ni mimi. Simu ikigoma, aitwe Musyoka. Televisheni ikipoteza picha, aitwe Musyoka. Niliipenda ile heshima kuliko chakula, Mama akinisifu mbele ya wageni najifanya sijasikia ili arudie.

Halafu dada yangu Mwikali akatuletea Kyalo.

Kyalo ana duka la kutengeneza simu katika soko la Kwa Vonza, kijana mpole, haongei sana, hata ukitafuta sababu ya kumchukia unaikosa, na hilo peke yake lilitosha kunichukiza. Siku ya kwanza kuja kwetu (bado hajawa mkwe, anakaa popote anapotaka) alichukua simu ya Mama iliyokuwa imenishinda, akaibonyezabonyeza, ikapona. Mama akasema, "Aiya! Kumbe ni kitu kidogo hivyo?" kisha akaniangalia. Jamani, lile jicho sijalisahau. Tangu hapo ikawa ngojeni Kyalo, muulizeni Kyalo, hata Anko Maundu, mdogo wake marehemu baba, anayefanya kazi ya udereva Uarabuni, akawa anampigia Kyalo moja kwa moja bila kupitia kwangu.

Na afadhali ingekuwa simu tu. Kyalo alikuwa na laptop. Nzee hiyo, kitufe kimoja kimeng'oka, pembe imeshikwa na selotepu, lakini ukiiwasha, kabla hujavuta kiti imeshafunguka. Ndani yake aliweka Linux, ule mfumo wa bure unaotengenezwa na watu wa kila pembe ya dunia na yeyote anaruhusiwa kuuchungulia ndani. Mimi nilikuwa ndio kwanza nimenunua laptop mpya kabisa, nyembamba kama chapati ya hoteli, imekuja na Windows yake, na bado lile gae la Kyalo lilikuwa linaishinda kwa mbio. Niliona wivu.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, "Hiyo Linux yako inaweza kuingia kwa yangu?"

Akaigeuza, akasoma maandishi ya chini, akakuna kichwa. "Inaweza, lakini hii yako ni mpya sana, bro. Kuna vitu za ndani Linux haijajuana nazo bado. Jaribu kwanza na flashi bila kufuta kitu, uone kama sauti iko, waifai iko, kamera iko. Ama ungoje kidogo, ikizeeka itashika."

Sasa ninyi mnasikia ushauri hapo. Mimi nilisikia mtu anayenificha mali. Laptop izeeke ndipo ifanye kazi? Ni nani aliwahi kuambiwa angoje viatu vichakae ndipo vimtoshe? Nikasema moyoni, huyu hataki tulingane.

Basi siku ya ntheo ikakaribia. Kwa wasiojua, ntheo ni wale mbuzi ambao upande wa kijana huleta kwa kina msichana, na kwetu sisi Wakamba, hata mfunge harusi na keki ya ghorofa, bila ntheo wazee watakwambia huyo hujamwoa, umemwazima tu. Baba hayupo, kwa hiyo wa kukubali mbuzi ni Anko Maundu, naye alinyimwa likizo. Akasema hakuna shingo ya mbuzi itakayoguswa kabla hajatamka kwa mdomo wake wazee wakisikia. Mama akaanza, "Labda Kyalo atuwekee…" nami nikaruka kama niliyekanyaga kaa la moto. "Mama! Bwana harusi afanye kazi ya mitambo? Nitamleta Anko mimi, kwa televisheni, mkubwa kama dirisha."

Hapo ningeishia. Laptop yangu ilikuwa nzima na Windows yake ilikuwa inatosha. Lakini nikawaza Kyalo atakavyofika aone yangu inafunguka kwa mbio kama yake, mbele ya wazee wake mwenyewe, na kesho yake ikiwa ndiyo siku, nikakaa saibani Wote nikafuta kila kitu nikaweka Linux. Ikaingia vizuri ajabu. Intaneti ilikuwepo (kwa waya, saiba yote hutumia waya, hilo likumbukeni), picha za maua zikajaa kwenye kioo, nikafunga duka napiga mluzi. Sauti sikujaribu. Kamera sikujaribu. Ukiiga kunya kwa tembo utapasuka msamba, na mimi nilikuwa nimeshachuchumaa.

Siku yenyewe uani palijaa. Upande huu ni sisi, Mama amekaa kando ya meza yenye televisheni iliyounganishwa na laptop, upande wa pili ni wageni kutoka Kwa Vonza na mbuzi wao wamefungwa kwenye mti wa miiba. Kyalo katikati yao, kimya, maana siku hiyo kijana haongei, anaongelewa na msemaji, Mzee Nzioka. Tena tangu posa zianze, Kyalo na Mama walikuwa wameingia kwenye nthoni, ile heshima ya mkwe na mama mkwe: hamsogeleani, hampeani vitu mkono kwa mkono. Kwa ufupi, mtu pekee aliyejua kompyuta kunishinda hakuweza kuikaribia meza yangu, na sitadanganya, jambo hilo lilinifurahisha.

Nikawasha laptop. Ikafunguka upesi, nikamtupia Kyalo jicho. Nikatafuta waifai niunganishe na simu yangu. Hakuna. Sisemi ilikuwa dhaifu, nasema laptop haikujua kwamba kuna kitu kinaitwa waifai duniani. Nikabonyeza, nikazima, nikawasha, jasho likaanza.

Kyalo akamnong'oneza msemaji wake. Mzee Nzioka akainuka, akavua kofia, akaegemea fimbo. "Watu wa nyumba hii," akasema, kwa sauti ile ile ya kuombea msichana, "kijana wetu anaomba, kama mtaturuhusu, mchukue waya ya kuchaji simu muichomeke kwa hiyo mashine, halafu simu igawe intaneti. Hatujasema kwa madharau." Akaketi. Akina mama wakaitikia kwa vigelegele, hata sijui walidhani ameongeza mbuzi.

Nilitaka kukataa, lakini watu wote uani walikuwa wananitazama. Nikachomeka. Intaneti ikaja. Na Anko Maundu naye akatokea kwenye televisheni, suti, tai, mkubwa kama nilivyoahidi. Watu wakapiga makofi. Anko akafungua mdomo.

Kimya. Midomo inacheza, sauti hakuna. Nikapandisha sauti hadi mwisho, bado kimya. Naye kwake anaona kiza tu, kwa sababu kamera nayo haikujuana na Linux, wala maikrofoni, na alipoona hasikii akaanza kutusemesha kwa mikono kama unavyomsemesha mtu aliye ng'ambo ya mto. Akashika sikio. Akatikisa kidole, hapana, hapana. Akatikisa kichwa. Akapishanisha mikono kifuani.

Mzee mmoja wa Kwa Vonza akauliza, "Anasema nini?"

"Anasema hatuna masikio," akajibu mwenzake.

"Na hicho kidole?"

"Amekataa mbuzi."

Mngeona uso wa Mwikali. Dada yangu alikuwa amekaa mlangoni na leso yake mpya, akainuka nusu, akaniangalia mimi, si Anko. "Musyoka, fanya kitu, please."

Mzee Nzioka akainuka tena, safari hii kofia kichwani. "Kijana wetu anasema mpigieni tu kwa simu ya kawaida, sisi tutasikia hata hivyo."

Hapo ndipo ningeokoka. Lakini jamani, kwa simu? Baada ya kuahidi dirisha? Kyalo aketi kule benchini na bado awe ndiye anayetengeneza? Nikasema kwa ukali, "Hapana! Ngojeni kidogo, iko karibu." Nikanyoosha mkono nifunge kifuniko niifungue upya, ipumzike. Kyalo akasahau adabu zote, akapaza sauti mwenyewe: "Usifunge! Ikilala hiyo haiamki!"

Kama angenyamaza, labda ningesita. Kwa kuwa ni yeye aliyesema usifunge, nikafunga.

Haikuamka. Anko Maundu akatoweka akiwa katikati ya kutikisa kichwa, televisheni ikabaki buluu tupu, na kwa mtu yeyote mwenye macho ilionekana hivi: mzee wa nyumba amekataa mbuzi, kisha amekata simu. Mama akashika mdomo. "Woi, Musyoka, umenifanyia nini?" Wageni wakaanza kuinuka. Kijana mmoja akaenda kwenye ule mti kufungua kamba za mbuzi, na Mwikali akajifunika uso na leso, mabega yanatikisika, nami nimesimama nafungua na kufunga kile kifuniko kama mtu anayejipepea.

Kyalo akafungua mkoba wake. Akatoa lile gae lenye selotepu, akaomba intaneti kwa simu ya jirani, akafungua kiungo cha mkutano ambacho mimi mwenyewe nilikituma kwenye grupu ya familia na Mwikali akampelekea, kisha akampa Mzee Nzioka, maana yeye hawezi kuvuka kwenda aliko Mama. Mzee akalipokea kwa mikono miwili, akavuka uani polepole. "Tulikuwa tumesahau kitu," akasema. "Tumekuja na hiki pia." Mama akanyanyuka akalipokea, vigelegele vikalipuka, na laptop ya Kyalo ikaingia kwetu kama sehemu ya ntheo.

Sauti ya Anko ikatoka hadi kuku wakakimbia.

"…nasema nimekubali! Nimekubali tangu zamani, mnanifanya niongee kama wazimu! Mbuzi wako wapi? Chinjeni! Na ni nani alimpa Musyoka kazi ya mitambo? Mama Mwikali, si nilikwambia uachie Kyalo?"

Ua wote ukanigeukia. Hata mbuzi, naapa. Mwikali akatoa uso kwenye leso akacheka na kulia kwa pamoja, na wazee wakaketi. Walipoulizana nani atashika miguu ya beberu, Mama akasema, bila hata kugeuka, "Musyoka hana kazi." Nikashika miguu.

Baada ya miezi kadhaa masasisho ya Linux yakaja, na asubuhi moja saibani laptop yangu ikatoa sauti yenyewe, waifai ikatokea, kamera nayo. Ilikuwa imezeeka kiasi. Sikumwambia Kyalo. Alijua tu, akaniuliza, "Imeshika?" nami nikasema imeshika, tukaachia hapo.

Wivu umeisha? Haujaisha. Siku hizi wakija kututembelea, Kyalo hukaa barazani na Mama hubaki jikoni kwa ajili ya nthoni, na simu ya Mama ikiharibika hawezi kumpa mkono kwa mkono. Kwa hiyo ananiita mimi. "Musyoka, mpelekee mkwe wangu aiangalie." Nami naibeba kutoka jikoni hadi barazani, nangoja kando amalize, naibeba kurudi. Nimeapa njiani sitajaribu kuitengeneza hata kidogo. Jumapili iliyopita niliijaribu nyuma ya tangi la maji, nikaiua kabisa, ikabidi nimwambie Kyalo ilifika kwangu ikiwa hivyo. Sasa naapa tena, na ninyi ndio mashahidi.