Mbwa wa Baba Mkwe Niliyemkana Ngazini

Nimekosa, ndugu zangu. Naanza na neno hilo mapema nisije nikajizungusha katikati na kuwatupia wengine lawama, maana mdomo wangu naujua. Jina langu sitaji. Ninaishi Mwanza, ghorofa ya tatu, nimeolewa, na kuna kiumbe kimekufa kwa sababu yangu.

Mtasema, ah, mbwa tu! Hata mimi nilijiambia hivyo jioni ile nilipojilaza kitandani na viatu miguuni. Haikusaidia kitu.

Mimi ni Mhaya, mume wangu ni Msukuma wa kule mbele ya Kisesa. Shirika lao lilipouzwa alipunguzwa kazini, akaingia kwenye mitumba, na sasa wiki nzima yuko minadani na marobota yake. Mimi nilibahatika kupata kazi ya kupokea simu kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Tukahamia ghorofani, vyumba viwili na roshani ya kuanikia nguo. Jamani, niliona nimefika!

Ndipo tamaa ya mbwa ikaniingia. Watu niliwaambia ni kwa ajili ya wezi, na kweli wezi walikuwepo. Jirani wa chini walimchomolea redio dirishani mwenyewe akiwa msalani. Lakini nani angepanda mpaka ghorofa ya tatu kufuata masufuria yangu? Ukweli ni kwamba bosi wetu alikuwa na mbwa mrefu, masikio wima, aliyemfuata kila akishuka garini. Siku hizi kila aliyefungua biashara ana geti, na nyuma ya geti kuna mbwa. Mimi geti sikuwa nalo, nikasema basi angalau niwe na mbwa.

Tulipokwenda kuwasalimia wakwe zangu, niliwakuta na mbwa wawili. Mmoja alikuwa jike, mfupi, mnene, mtu mzima, aliyeshinda jikoni maisha yake yote bila ugomvi na mtu. Wa pili ndiye Watachoka. Jina hilo baba mkwe alimpa ili liwafikie majirani waliokuwa wakimsengenya. Alikuwa mrefu, kifua mbele, rangi ya majani makavu. Asubuhi alitoka na ng'ombe, jioni alirudi nao, na ndama akichelewa nyuma yeye ndiye aliyemrudia.

Mama mkwe alinishauri vizuri kabisa. "Mayu," aliniambia, kwani ndivyo anavyoniita kwa heshima ya kwao, "kama unataka mbwa wa kukaa ndani, chukua huyu wa jikoni. Huyu mwingine ni wa kutembea. Asipotembea ataumwa."

Nilicheka! Niingie mjini na kile kidude kinene, watu waseme nini?

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipotumia ujanja. Kwa wakwe zangu mimi siongei na baba mkwe uso kwa uso. Nampa shikamoo kwa mbali, ananiitikia marahaba, macho yangu chini; mengine yote hupitia kwa mama. Na mume wangu alikwisha kuniambia siku nyingi kwamba baba yake hawezi kumnyima mkwe. Ukikisifia kitu chake atakutolea hata kama kinamuuma, kwa sababu kuzuia kwake ni aibu. Nililijua hilo, nisiwadanganye. Nikamsifia Watachoka kwa sauti, mzee akisikia. Wakati wa kula nikamsifia tena.

Mzee aliacha chakula, akaenda zizini, akakaa huko kitambo. Aliporudi alimwambia mkewe maneno kwa Kisukuma, naye akanitafsiria huku anatazama pembeni. "Baba anasema mbwa ni wako. Anasema pia huyu hajawahi kulala ndani ya nyumba." Hayo ya pili mimi niliyachukua kama sifa.

Njia nzima mume wangu alikunja uso. Tulipokaribia mjini ndipo aliposema, "Umemkata baba mkono wa kulia. Basi, umemtaka mwenyewe, mlee mwenyewe."

Tabu ilianzia kwenye ngazi. Watachoka hakuwa amewahi kuona ngazi! Alilala chini, akagoma, akatetemeka mwili mzima. Mume wangu akambeba mbele, mimi nyuma, majirani wametoka milangoni wanacheka mbavu ziwaume. Tulipofika juu akanikojolea gauni.

Nikamfunga roshani. Asubuhi nilimwachia maji na mapanki, yaani mifupa ya sangara tuliyokuwa tukiipata kiwandani, nikaenda kazini. Kutwa nzima alikuwa mle, hatua chache kwenda na hatua chache kurudi. Akipita mtu chini, anabweka. Likipita gari, anabweka. Akichoka kubweka anaanza kulia, na kilio chake kilifika mpaka barabarani. Haja alijizuia kadiri alivyoweza, halafu akashindwa. Na maji yetu ya kusafishia tulipanda nayo kwa madumu! Nyumba ikanuka samaki na mkojo, hata shemeji yangu alikataa chai.

Chini yangu anakaa Mama Rehema, mtu wa sala zake tano, mpole ajabu. Alipanda siku moja na kanga mkononi, imelowa. "Mama wa juu, sikuja kugombana," alisema. "Lakini maji ya mbwa wako yananidondokea kwenye nguo za kuswalia. Nafua, naanika, nafua tena. Na usiniambie umpige, mnyama hana kosa. Mtafutie pahala." Nilitamani anitukane. Angenitukana ningepata pa kushikia.

Nilijaribu kumtembeza alfajiri. Alinikokota mtaa mzima, kanga inanivuka, watu wanauliza nani anamtembeza mwenzake. Siku moja alinichomoka mkononi. Nikamtafuta huku na huku, kumbe amekwenda kuwakusanya mbuzi wa watu waliokuwa wakizurura jalalani, akawaleta wote mpaka chini ya jengo letu, akawazuia hapo. Akakaa, ulimi nje, ananitazama usoni akingoja nimsifie. Mimi, mbele ya wenye mbuzi waliokuja wakifoka, nikavua kandambili nikampiga nayo kichwani.

Aliinamisha masikio tu. Mungu wangu, nisamehe!

Kuna kosa jingine ndani ya kosa hilo. Bwana mifugo alipita mtaani kwetu na kipaza sauti akiita mbwa wote waletwe kuchanjwa kichaa. Nilimsikia vizuri nikiwa roshani. Nikafikiria zile ngazi, kushuka kwa kubebana na kupanda kwa kubebana, na vile vicheko. Nikasema, mbwa wa ghorofani kichaa atakipata wapi? Nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Halafu msimamizi wa jengo akabisha hodi. "Dada, nimekuja kwa heshima. Hapa si zizi. Hukuniuliza kabla ya kumleta, na majirani wamechoka. Nikimkuta tena mtahama wote, wewe, bwana wako na yeye."

Dawa ilikuwa moja, nayo ilikuwa karibu: kumrudisha kwa mzee. Kisesa si ng'ambo ya ziwa! Lakini nilimwona mawazoni mama mkwe akinitazama, nikaona aibu. Nikamwogopa na mume wangu. Nilijiona kama mtu aliyefungiwa pamoja na mbwa kwenye roshani ileile, na ufunguo nimeushika mimi mwenyewe.

Kazini kulikuwa na dereva anayejenga Buswelu, mabati na saruji yake yanaibwa. Nikamwambia nina mbwa. Akamchukua siku hiyohiyo, akamfunga mnyororo kwenye mti kando ya matofali. Nilishusha pumzi, nikalala usingizi mzuri. Sikwenda kumwona hata mara moja.

Ilikuwa Jumamosi mchana niliposikia kelele uwanjani. "Mbwa kichaa! Mbwa kichaa! Ingizeni watoto ndani!" Nikashuka mpaka ghorofa ya kwanza, nikasimama ngazini.

Watu walikuwa na marungu na mawe. Katikati yao alikuwa Watachoka, kipande cha mnyororo kinamning'inia shingoni, mguu mmoja haukanyagi, mate yanamtiririka. Ilikuwa kiu, ndugu zangu. Alikuwa ametembea juani kutoka Buswelu. Bwana mmoja alijaribu kumkanyagia mnyororo, naye akamparura kwa meno. Basi, hapo ndipo watu walipothibitisha kuwa ni kichaa.

Aliponiona alitikisa mkia. Njia ya Kisesa aliiacha, akaja kwangu! Mpaka leo sielewi alinifuatia nini. Akaweka mguu kwenye ngazi, akapanda moja, akapanda ya pili, mwenyewe, bila kubebwa.

Mama Rehema akashuka nyuma yangu, akapaza sauti. "Subirini! Subirini kwanza jamani! Mama wa juu, si mbwa wako huyu?"

Watu wakasimama. Wote wakanigeukia. Yule bwana aliyeparurwa akafoka, "Kama ana mwenyewe aseme! Kachanjwa? Cheti kiko wapi?" Na nyuma yake nikamwona msimamizi wa jengo, mikono kiunoni.

Nilitakiwa kusema neno moja tu. Ni wangu. Ningesema ni wangu, ana kiu, mfungeni tumwite bwana mifugo amwangalie. Labda wangenisikiliza, labda wasingenisikiliza, lakini ningekuwa nimesema. Nikafikiria chumba, nikafikiria cheti, nikafikiria gharama za sindano za yule bwana.

Nikasema, "Simjui. Wa kwangu yuko Buswelu."

Mama Rehema alinitazama. Alipanda kwake akafunga mlango taratibu. Mimi nikapanda juu, nikafungua redio mpaka mwisho. Hata hivyo nilisikia.

Yule bwana alidungwa sindano zake, ni mzima mpaka leo. Mbwa hakuwa na kichaa, roho yangu inajua, lakini nani wa kumthibitishia sasa? Mama Rehema bado ananiamkia kila asubuhi, "Umeamkaje, mama wa juu?" Hajamwambia mtu yeyote. Napita mlangoni kwake kama mwizi.

Mume wangu aliporudi mnadani nilimdanganya kwamba mbwa aliugua ghafla huko Buswelu, nikamrudisha kwetu ghorofani nimuuguze, akafia mikononi mwangu. Nililia wakati nasema, na machozi yalikuwa ya kweli, ndiyo maana akaamini. Habari ikafika kwa wazee kwamba mkwe wao amelia sana kwa ajili ya mbwa.

Sasa sikieni malipo yangu. Jumapili iliyopita mama mkwe alikuja mjini mwenyewe, mzee kamtuma. Alikaa kitini, akanishika mkono. "Baba anasema mayu usijilaumu. Anasema hakujua kama unampenda hivyo. Watachoka aliacha mtoto huko kijijini, dume, kafanana naye kila kitu. Watu wamemwomba baba, amekataa. Amekuwekea wewe."

Nilijifunika uso kwa kanga. Mama mkwe akadhani ni furaha.

Wenzangu mnaoishi kwenye vyumba vya kupanga na ghorofani, nawasihi! Kabla hujaleta mnyama, muulize mwenye nyumba, muulize na jirani wa chini. Usichague kwa macho. Angalia alikozoea kulala, anachofanya kutwa nzima, na wewe kutwa nzima uko wapi. Yule mnene wa jikoni, niliyemcheka, angelala mlangoni kwangu mpaka uzee. Ukishamchukua, mchanje, hata kama itabidi umbebe mgongoni kama mtoto! Na ukiona umeshindwa, mrudishe ulikomtoa, mwone aliyekupa uso kwa uso, useme nimeshindwa. Aibu hiyo ningeimaliza siku moja. Hii niliyoichagua sijui inaishia wapi.

Waitu, ndugu zangu, nishaurini basi! Nikikataa mtoto wa Watachoka, lazima niseme kwa nini. Nikisema, mzee yule hataniitikia tena shikamoo, na mume wangu sijui. Nikinyamaza, huyo mdogo anakuja. Tangu juzi najiandaa kumwambia mume wangu, naanza na "Baba nanihii, kuna jambo," naye anageuka ananitazama kwa upendo, mtu aliyekuwa amenikunjia uso miezi yote ile, nami naishia kumuuliza kama atakunywa chai.

Mume wangu anasema eti msimamizi atazungumza naye yeye mwenyewe. Eti huyu bado mdogo, atazoea ghorofa.

Hivi ninavyoandika yuko roshani na msumeno, anatengeneza kibanda. Anaimba. Ameniita nikamshikie ubao, na nimeitika.