Hita Ndani ya Chumba cha Barafu

Nakumbuka vizuri asubuhi ile nilipofungua mashine ya baridi nikakuta jiko ndani yake. Naliita jiko kwa sababu wakati ule sikuwa na jina jingine la kuliita. Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini, kwenye kiwanda cha minofu ya sangara kule Ilemela, miaka ile ambayo viwanda vya watu binafsi vilikuwa vinajengwa kando ya ziwa kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kinatafuta mafundi.

Mwanangu, jana ulinipigia simu ukaniambia chumba chako cha baridi kimejaa barafu lakini hakigandishi, na kwamba umeamua kubadilisha themostati, kile kirekebisha baridi. Subiri kwanza. Nisikilize yaliyonikuta mimi, ndipo ushike bisibisi.

Chuoni nilifundishwa friji za nyumbani, tena kwa kuchora ubaoni kuliko kuzishika. Chumba cha kugandishia cha kiwandani kilikuwa kitu kingine kabisa. Fundi mkuu wetu, Mzee Magesa, mtu wa Musoma, alikuwa amekwenda kwao msibani, nami nikaachiwa mitambo. Siku hiyo nikiwa ndani ya chumba, feni zikasimama ghafla. Kompresa, ile pampu ya gesi ya kupoza, nayo ikanyamaza. Mara nikaona mvuke unatoka kwenye koili, yale mabomba yaliyokunjwa yanayotoa baridi, maji yanadondoka kwenye sinia la chini, na nilipopeleka mkono karibu nikasikia joto. Joto, ndani ya friza lenye samaki wa kupelekwa Ulaya! Nikafuata nyaya hadi kwenye paneli ya umeme, nikagundua kuna hita, tena si moja, zimepitishwa katikati ya koili kwa makusudi.

Nilipigwa na butwaa. Nani mwenye akili zake anaweka moto mahali anapotaka baridi? Nikaona aliyefunga mtambo alikosea, au labda vifaa vya mtambo mwingine vilichanganywa humo. Nikazima swichi kuu, nikachomoa nyaya mbili za hita, nikazifunga kwa tepu nyeusi, nikawasha na kutoka najiona fundi hasa. Sikumwambia mtu.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mshale wa kipimajoto pale mlangoni haukuruka tena kama ulivyozoea. Siku ya tatu ukaanza kupanda polepole, na haukushuka. Nikazungusha themostati iongeze baridi. Kompresa ikawa haipumziki kabisa, na chumba kikazidi kupata joto. Nilipotazama koili sikuiona, imegeuka ukuta mweupe wa barafu. Hapo ndipo akili iliponigomea. Barafu imejaa mpaka inakaribia kuziba feni, halafu minofu inalainika? Nilisimama pale na koti langu zito, natazama barafu, natazama kipimajoto, narudi kutazama barafu. Sikujua hata nianze kuuliza nini.

Tuliihamishia minofu chumba cha pili, na meneja akaja kutafuta mkosaji. Alisema barafu ile ni unyevu wa nje, unyevu unaingilia mlangoni, na mlango una mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Mama Kabula, mama wa makamo, kazi yake kufungua na kufunga mlango wa chumba kila toroli la minofu lilipopita. Alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba, na hii aliyoipata ndiyo iliyokuwa inawasomesha wanawe.

"Nafunga kila mara, bosi," alisema. "Nafunga, halafu nasukuma kwa bega."

"Sasa barafu yote hii imetoka wapi?"

Mama Kabula akanigeukia mimi, fundi, nimsaidie. Nikasema sina hakika. Na kweli sikuwa na hakika, mwanangu, sitaki kujipaka matope zaidi ya ninavyostahili. Maneno ya meneja yaliniingia akilini, maana unyevu ni kweli huingilia mlangoni. Lakini zile nyaya mbili zilikuwa zinanijia kichwani, na kila zikija nazifukuza. Mama akaambiwa aende nyumbani, na siku ya Jumamosi arudishe koti na mabuti ya kiwanda. Nilijitia hamnazo, nikainama kukusanya vifaa vyangu ambavyo hata havikuwa vimetawanyika.

Baada ya siku mbili Mzee Magesa akarudi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mtambo, nikamsimulia yote isipokuwa lile moja. Nilidhani atakimbilia kwenye barafu na nyundo. Hakwenda. Alisimama mbele ya feni akanyoosha kiganja, akaniambia nami ninyooshe. Upepo ulikuwa kama pumzi ya mgonjwa.

"Unasikia? Hewa haipiti," alisema. "Barafu si baridi, Masanja. Hiyo ni blanketi. Baridi imefunikwa huko nyuma, samaki hawaioni."

Akaniambia kila koili hushika barafu, hata mlango ufungwe namna gani, ndiyo maana kuna hita ya kuiyeyusha mara chache kwa siku, kabla haijawa nene. Halafu akanipeleka kwenye paneli. Akanionyesha taima, saa yenye vijipini inayoamuru hita iwake, akaizungusha kwa kidole mpaka ikalia tik. Feni zikasimama, kompresa ikanyamaza. Basi saa ni nzima, akasema. Akabana mita yake kwenye waya wa hita. Mshale haukutikisika. Basi ama hita imeungua, ama umeme hauifikii. Akazima swichi kuu, akafungua kifuniko, akaiona tepu yangu.

"Nani kafunga hii?"

"Mimi, mzee."

"Ulimuuliza nani?"

"Sikumuuliza mtu. Niliona moto ndani ya baridi, nikachanganyikiwa."

Nilingoja anitukane. Akasema tu, kwa sauti ya chini, kwamba kuchanganyikiwa si kosa, na kwamba hata yeye mara ya kwanza alichanganyikiwa, ila yeye alikwenda kuuliza. Akarudisha nyaya. Tukaizungusha saa tena na tena, na barafu ikaanza kuporomoka vipande vipande kwenye sinia. Akanionyesha kidude cha duara kilichobanwa kwenye koili, kinachozima hita koili ikishapata joto la kutosha. Akaniambia feni zisiporudi mara moja nisiingilie kati, zinasubiri matone yagande kwanza zisije zikayapulizia samaki. Nilikuwa naelewa kila neno, na kadiri nilivyoelewa ndivyo nilivyozidi kuona aibu.

Akanawa mikono. "Sasa mlango hauna kosa," akasema. "Kamwambie meneja. Ukitoka kwake, Mama Kabula anakaa Buzuruga. Kamwambie mwenyewe, kwa mdomo wako."

Meneja alinifokea, akanipa karipio la barua, akakubali mama arudi. Hilo lilikuwa jepesi. Buzuruga nilimkuta nje ya chumba alichopanga, amefua koti jeupe la kiwanda na kulianika, anasugua mabuti kwa brashi ili arudishe vitu safi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wamekutuma uyachukue?"

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, nikianzia kwenye hita na kurudi kwenye tepu, mpaka akaniambia nitulie nianze upya. Nilipomaliza akaiweka brashi chini.

"Kwa hiyo si mimi?" akauliza.

"Si wewe, mama. Ni mimi."

Akaanza kulia. "Nilikuwa nimeshaamini ni mimi," akasema. "Siku mbili nakaa hapa najaribu kukumbuka siku niliyosahau kufunga. Na nilikuwa nimeshaikumbuka, baba. Nilikuwa nimeshaiona kabisa."

Mwanangu, barua ya karipio niliisahau. Hayo maneno sijayasahau. Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa kuhusu mashine, yeye nikamchanganya kuhusu mikono yake mwenyewe.

Kwa hiyo themostati yako iache kwanza. Pima upepo kwa kiganja. Izungushe saa, uone kama inazima feni na kompresa. Bana mita kwenye hita. Kama umeme unafika na haipokei, hita imekufa. Kama inapokea lakini inazimwa kabla barafu haijaisha, kichunguze kile kidude cha kwenye koili. Usigonge barafu kwa chuma, utatoboa koili. Usikate usichokielewa, na kama umeshakikata, sema leo, kabla hawajatafuta mwenye mlango.

Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kuuliza, na siku utakapokosea akupe sauti ya kusema "ni mimi" mapema, asitokee mtu mwingine akaanza kujiuliza. Nenda salama, mwanangu, na ukishapima unipigie.