Bendera ya Kolekole Aliyekufa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa pipa. Nilikuwa nimetoka Ekerenyo, kwetu bara, ambako bahari tulikuwa tukiisoma darasani tu. Nahodha wa mashua ya wageni, mzee wa Pwani asiyependa maneno mengi, akaniambia kazi yangu ni kuwaweka hai mikizi waliomo pipani. Hao ndio chambo hai. Pipa ni la mviringo kwa sababu samaki hujibana kwenye pembe, wakajigonga na kupukutika magamba. Pampu huingiza maji mapya bila kupumzika. Niliwahesabu, kisha nikawahesabu tena.

"Wawahesabu kama ndizi?" nahodha akauliza.

"Ndizi hazifi, mzee."

"Basi kazi utaiweza, mbara wewe."

Hatukuvua mbali. Tulivua kando ya matumbawe, na pale maji ya bahari yanapoingia mikokoni. Mkizi hutungwa kwenye ndoana kupitia puani ili aendelee kuogelea, na ule mwiba wa nyuma wa ndoana tuliubana kwa koleo ili ichomoke bila kurarua. Wageni walikuwa watalii, walivua kwa raha yao. Samaki akishapatikana, anarudishwa baharini, na kwa kila anayerudi hai tunapandisha bendera ndogo. Nikija likizo nyumbani, majirani walinihurumia. "Mnamshika, mnamwacha aende? Na mnalipwa?"

Nahodha alikuwa na sheria moja. "Ukimtoa majini, ziba pumzi. Ukianza kuhangaika wewe, yeye kaanza zamani." Mikono ilowe kwanza, maana mikavu humtoa ute unaomkinga na maradhi. Kisha unamshika mkia, kichwa kikielekea mkondo, mpaka matamvua yafunguke na kufungika na ajivute mwenyewe. Samaki hatupwi. Anaondoka.

Baada ya miaka mingi, mzee macho yalipomchosha, akarudi kwao. Akaja nahodha kijana aliyemwogopa meneja wa mashua, na meneja mwenyewe akaanza kupanda mashuani na simu yake. Nikaona heri tupatane mapema.

"Meneja, picha moja, samaki akiwa majini."

"Mkisii, wageni wamelipia. Kumi."

"Mbili."

"Tano, nje ya maji."

"Tatu, na kila moja ikiisha anarudi majini kwanza."

"Wewe ungeuza hata kivuli chako," akasema, akanipa mkono. Kwetu sokoni mkono ukishatolewa, hata bei ikipanda jioni, mkungu ni wa mnunuzi. Nilidhani na kwao ni hivyo.

Siku moja familia ya wageni ikampata kolekole mkubwa, mzito kama gunia la majani chai mabichi. Baba akapiga picha, mama akapiga, binti akapiga. Hakurudishwa majini hata mara moja. Mimi nilikuwa nimeshaachia pumzi na kuziba upya. Nikanyoosha mikono.

"Ngoja, bado mimi," meneja akasema. "Hii ni ya tangazo."

"Meneja, tulipatana."

"Tulipatana mimi na wewe. Wageni hawakuwepo."

Akatabasamu. Akarekebisha kofia. Akaomba apigwe nyingine, jua lilikuwa usoni. Nilipompata yule samaki, rangi ilikuwa imefifia na matamvua yamebaki wazi. Nilimshikilia ubavuni mwa mashua mpaka mikono ikafa ganzi, nahodha akituendesha polepole ili maji yapite kinywani mwake. Hakujivuta.

"Mwachilie," meneja akasema.

"Amekufa. Tuwapelekee akina mama pale gatini wamkaange."

"Mashua hii hairudi na samaki." Akamsukuma kwa mguu. Kolekole akageuka tumbo juu, akabaki akielea nyuma yetu, na wageni wakapiga makofi. Hawakujua. Meneja alijua, na alipiga makofi kuliko wote.

"Haya, pandisha bendera."

"Hii sipandishi."

"Pandisha, ama ukishuka leo usipande tena."

Nilikuwa nimebakisha miezi michache nistaafu kwa heshima, kwa hotuba na keki. Nikaikunja bendera, nikaiweka juu ya kiti cha meneja. Gatini nikashuka. Kabla sijafunga mzigo, meneja alikuwa amewatangazia wenzangu kwamba nimestaafu kwa hiari, na kwamba mashua inanitakia mapumziko mema.

Nyumbani mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya ndizi.

"Baba Kwamboka, kwa hivyo umepoteza kazi kwa samaki ambaye hata hamkumla?"

"Ndiyo."

"Na aliyemsukuma kwa mguu?"

"Yuko kazini."

Akaacha kumenya. "Na watu wa kanisa niwaambie nini Sabato? Kwamba umestaafu?"

Nilimwambia aseme nilifukuzwa. Vijana wa Ekerenyo na Nyacheki wanaokwenda Pwani kutafuta kazi hiyo hunijia, nami nawafundisha yote, pipa, koleo na mkia. Wengine kwa adabu huniita mstaafu. Nawakatiza hapo hapo. Nilifukuzwa kwa kukataa kusema samaki aliyekufa yuko hai, na mtu asinipambie.