Flai Kumi na Mbili za Mzee wa Kireno

Kiingereza changu nimejifunzia kwenye suruali za watu. Nilipofika Johannesburg kutoka Bukavu sikujua hata neno moja, na wateja ndio waliokuwa walimu wangu: hemu, lainingi, poketi, flai. Flai ni ile sehemu ya mbele ya suruali ambayo mwanamume akisahau kuifunga, watu wanaangalia pembeni. Kwetu tunaiita tireti. Basi mzee mmoja wa Kireno alipoingia dukani kwangu, mtaa wa La Rochelle, mwezi wa tano na kuniuliza kama naweza kumtengenezea flai, nilikaribia kukasirika. Mtu anaona cherehani mbili na pasi ya moto, halafu anauliza hivyo?

"Papa, mimi natengeneza flai kila siku ya Mungu," nikamwambia. Nilimwita Papa kwa sababu kwetu mtu wa umri ule humwiti hivi hivi.

Alitaka kumi na mbili, nusu nyeusi, nusu za kijani iliyofifia. Nikamwuliza saizi, akasema namba kumi. Nikamwuliza suruali zenyewe ziko wapi, hakunisikia, sikio lake moja limebaki pambo tu. Nikamwuliza ni za nani. "Za trauti," akasema. "Wakati wa baridi wanakuwa wavivu, lakini hizo hawazikatai." Nikaelewa kwamba Trauti ni ukoo fulani wa Kizungu wenye wanaume wengi wavivu. Uvivu wao haukunihusu. Mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka, tena kwa ugonjwa, siyo kwa baridi, na huruma ikanifanya niache maswali.

Nikashona. Namba kumi, yaani sentimita kumi, ni flai ya mtoto mdogo, nikasema moyoni kumbe hao Trauti wana watoto wengi. Ijumaa mzee aliporudi nilikuwa nimezipanga mezani, kila moja na zipu yake, zimepigwa pasi. Akachukua moja. Akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Halafu akacheka mpaka nikamletea kiti. Mimi sikucheka. Mtu akiicheka kazi yangu, kwanza anieleze.

Akanieleza. Alitoa mfukoni kikopo cha peremende, na ndani yake kulikuwa na ndoana ndogo, namba kumi yenyewe, iliyovishwa nywele nyeusi na uzi mpaka ikafanana na mdudu. Kumbe kwa Kiingereza nzi naye anaitwa flai, jina moja na tireti ya suruali. Sijui ni nani aliyeruhusu jambo hilo. Na trauti ni samaki. Wanaletwa na kumwagwa mabwawani baridi ikianza, na joto likirudi wanakufa, kwa hiyo wanaotaka kuwavua wana miezi michache tu, na wanawavua kwa nzi wa uongo wa namna ile.

Nzi yule alikuwa wa mwisho. Mke wa mzee alikuwa akimfungia nzi hao mezani jikoni miaka yote, na mwaka uliopita alifariki. Binti yao yuko Perth, Australia, amemwandalia baba yake chumba, na kila Jumamosi anampigia simu amwambie njoo. Mzee alimwahidi hivi: siku atakayovua trauti mmoja kwa nzi wa mtindo wa mama, siku hiyo anakubali kuondoka. Kabla ya hapo haendi popote. "Na ahadi yangu sijawahi kuivunja," akasema. Huyo wa mwisho aliogopa kumpoteza majini, na vidole vyake havikuweza kufunga wengine. Alitaka nimwigize.

Nikamwambia, kwa wema wangu wa kijinga, "Papa, samaki wako utampata."

Bibi yangu wa ndoa anasuka nywele nyuma ya pazia, duka hilohilo. Kwake nilichukua nywele za bandia, nyeusi namba moja. Uzi wa dhahabu ulikuwa umebaki niliposhona joho la kwaya ya kanisa letu. Manyoya niliyanyoa kwenye kola ya koti la mteja ambaye mpaka leo hajagundua. Bibi alinikuta nimeinama, ndoana imenichoma kidole gumba.

"Sasa unavalisha wadudu," akasema. "Binadamu wamekwisha?"

"Ni kazi ya mzee."

"Na yule mteja wangu atatoka na msuko mmoja pungufu, hiyo nayo ni kazi ya mzee?"

Jumamosi ya kwanza mzee alinichukua kwa pikapu yake. Aliendesha mwenyewe kwa mikono ile, nami nilishika mlango na kuomba kwenye kila roboti, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani, maana taa nyekundu aliiona kama ushauri. Bwawa liko nje ya jiji. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, lakini maji yalikuwa wazi, meusi, yametulia. Wanaume wazima walisimama humo mpaka kiunoni wamevaa suruali za mpira zinazofika kifuani. Nilizunguka nikawakagua mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na flai. Nilitaka kuuliza wanafanyaje haja ikiwabana, lakini mzee alinivuta mkono.

Getini kulikuwa na kibao: ukimpata samaki, mrudishe majini. Nilikisoma mara mbili. Kwetu Bukavu tunakula sambaza, kisamaki cha ziwa letu, pamoja na kichwa chake, na mtu akiamka alfajiri, akapigwa na baridi, akavua samaki, halafu akamwomba radhi na kumwachia, familia ingeitisha maombi. Hapa walikuwa wamelipia kiingilio.

Hatukupata kitu. Wala Jumamosi ya pili, wala ya tatu, wala ya nne. Kila mara, kwenye saa tano, simu ya mzee iliita na uso wa binti ukatokea, na baba akamwambia maneno mawili ya Kireno ambayo niliyajua upesi, maana yake bado. Alikuwa akiyasema kwa sauti ya juu, kama mtu mwenye afya. Kisha alikuwa ananimegea mkate wake na kusema msimu ukiisha mwezi wa tisa, basi ni mwaka ujao. Nilimwona shujaa. Niliumia kwa ajili yake, na zaidi, niseme ukweli, niliumia kwa ajili yangu. Nguo yangu haijawahi kurudishwa na mteja, leo inakataliwa na samaki.

Nikamwomba kile kikopo nilale nacho siku moja. Nilimchunguza nzi wa marehemu chini ya taa ya cherehani mpaka nikaona kosa langu. Mimi nilikuwa nimekaza. Nilifunga kishonaji, kila unywele mahali pake, nguo ya kwenda harusini. Yule mama aliziacha nywele zilegee zipate kucheza. Nikafumua wote kumi na wawili, nikaanza upya.

Jumamosi ya tano mzee alimtupa nzi mpya na kuanza kumvuta polepole. Wale wenye suruali za mpira walikuwa wakivuta kwa mikono imara, na hawapati. Mkono wa mzee ulitetemeka, uzi ukatetemeka, na kule chini nzi wangu naye nadhani alitetemeka kama aliye hai. Fimbo ya kuvulia ikapinda. Mzee hakupiga kelele. Alikaza meno, akarudi nyuma hatua moja moja, nami nikaingia majini na viatu vyangu vya kanisani, nikamkinga samaki kwa wavu. Alikuwa mnene, ubavuni ana mstari wa waridi. Nzi wangu alikuwa ameshika kwenye mdomo wake wa juu, sawasawa kabisa.

"Papa, tumempata," nikasema. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilimtoa ndoana, nikamwachia kama sheria yao inavyotaka, akaenda zake.

Nilipogeuka mzee alikuwa amekaa kwenye nyasi. Alinitazama jinsi mpangaji anavyomtazama mtu aliyeleta barua ya kumtoa nyumbani.

"Fundi," akasema, "nzi umemfunga vizuri mno."

Hapo ndipo nilipoelewa zile bado zake za furaha. Alikuwa na nyumba yenye jiko lenye meza ile, na kaburi la mke wake upande huu wa jiji, na ahadi aliyoipima vizuri isitimie. Mimi ndiye niliyeitimiza. Nilitamani kumrudia samaki yule nimfunge mdomo.

Simu ikaita. Mikono yake ilikuwa na maji, akanionyesha nipokee. Binti alikuwa amechoka, nyuma yake nikaona kitanda kimetandikwa. Akaniuliza kwa Kiingereza kama baba amepata.

Mimi ni shemasi. Nikamwambia, "Bado, dada. Leo hawakula."

Mzee akainuka, akaninyang'anya simu. Alizungumza kwa Kireno, polepole, na yale maneno mawili niliyoyajua hayakuwemo. Nikasikia binti akilia upande wa pili, analia kwa furaha, na baba akimngoja amalize.

Tuliporudi alisimama kwenye kila roboti, hata za kijani. Karibu na nyumbani akaniuliza kama huko Perth atapata mtu wa kumfungia nzi. Nikamwambia atapata, Papa, mafundi wapo kila mahali.

"Wapo," akasema, akazima gari mbele ya duka langu, na sote wawili tukakaa ndani bila kufungua mlango.