Kochi Lililogoma Kutoka

Fundi makochi yule watu walimwita Jicho, na jina hilo alilivaa kama wengine wanavyovaa saa ya dhahabu. Tepu ya kupimia hakuwa nayo. Akitaka kukata mbao alifumba jicho la kushoto, akauma ulimi kidogo, akasema, "Hapa," na msumeno ukapita hapo hapo. Mara nyingi alipatia. Asipopatia, alisema mbao imesinyaa.

Mkewe alikuwa mshonaji, na tepu haikumtoka shingoni hata akiosha vyombo. Yeye alipima kila kitu. Wageni wakija bila taarifa, alijua mchele uongezwe kiasi gani na maji kiasi gani, na hakuna aliyewahi kula uji kwake akiambiwa ni wali. Akikata pazia, kitambaa kilichobaki kilitosha foronya, kwa sababu foronya hiyo alikuwa ameshaiona kichwani tangu dukani. Lakini ukimsifu kwa hisabati alikuja juu.

"Hisabati ilinishinda shuleni," alisema. "Hii ni akili ya nyumbani tu."

Suruali ndiyo iliyowakutanisha. Jicho, wakati huo kijana mwenye maringo, alikwenda kushonewa, na msichana mshonaji alipomsogelea na tepu, yeye akarudi nyuma. "Kiuno changu nakijua," akasema, akaonyesha kwa viganja. Msichana akashona kama alivyoonyeshwa. Siku ya kuchukua, suruali ilipanda mpaka mapajani ikakataa kuendelea. Ndipo msichana akafungua kabati akatoa ya pili, aliyoikata kwa kumkadiria alipokuwa akitoka mlangoni, na hiyo ikamkaa kama ngozi. Jicho aliondoka na suruali. Baadaye akarudi na wazee wa kupeleka posa.

Sasa, kochi. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyewafundisha wote wawili wakiwa wadogo, alimwagiza Jicho amtengenezee kochi ambalo wajukuu wake wanne wangeweza kukaa pamoja, na wasipokuwapo yeye alale usingizi wa mchana akiwa amejinyoosha. Alitaka liwe pana, na lisiwe na mikono.

"Mikono ya nini?" alisema. "Inakula nafasi ya mjukuu mmoja."

Kwa kawaida makochi makubwa Jicho aliyaungia uani. Lakini zilikuwa siku za mvua, basi akaliunga ndani ya karakana, chumba cha mabati kilichoegeshwa ubavuni mwa nyumba, paa likiteremka kutoka upande wa mlango kwenda nyuma. Humo akapiga misumari, akabana sponji, akavuta kitambaa cha kijani mpaka kikawa laini kama shavu la mtoto. Alilizunguka akilipapasa. Tangu aanze kazi hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Siku ya kulipeleka, mvua ikapumzika. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye alikuwa mwashi, akaja kusaidia kubeba. Wakalishika huku na huku, wakaenda nalo mlangoni, likakwama. Wakalilaza ubavu, likakwama. Wakaung'oa mlango wenyewe kwenye bawaba, bado likakwama. Jicho akafumba jicho la kushoto, akauma ulimi, kisha akafumba na la kulia.

"Mlango umesinyaa," akasema kwa sauti ndogo.

Shemeji alikuwa ameshaweka mkono kwenye nguzo ya ukuta. "Shemeji, mimi ndiyo kazi yangu. Nitoe mabati haya mawili na hii nguzo, kochi litoke, kisha nirudishe."

"Na paa litashikwa na nani? Na wewe?"

"Kwa muda tu."

Wakiwa katika mabishano hayo, mwalimu mwenyewe akatokea, mwavuli kwapani. Alikuwa amechoka kusubiri. Jicho alitamani ardhi ipasuke. Yule ndiye mwanamke aliyewahi kumwandikia kwenye ripoti, "Ana haraka ya jibu." Lakini mwalimu hakugomba. Alilikalia kochi humo humo karakana, akarukaruka kidogo juu yake, akajilaza, akafumba macho.

"Kazi nzuri, mwanangu," akasema akiwa amelala. "Ila kwangu ni mbali kuja kulala hapa kila mchana."

Mkewe Jicho alikuwa amekuja na chai. Alipoelezwa kisa, alicheka mpaka vikombe vikagongana kwenye sinia. Jicho alinuna. Naye, alipomwona amenuna kweli, akaacha kucheka, akavua tepu shingoni.

"Hebu nipisheni."

Akapima kochi, akapima mlango, akaingia ndani. Alirudi na karatasi zake za kukatia nguo na mkasi. Karatasi moja akaikata umbo la kochi likiangaliwa ubavuni, kiti na mgongo, dogo la kutosha kiganjani. Nyingine akaitoboa pengo la mlango kwa udogo ule ule. Kisha akazilaza juu ya meza ya kazi, akaanza kuligeuzageuza kochi la karatasi kama mtu anayetafuta upande wa shati. Mwalimu akainuka, akavaa miwani.

"Baba watoto, angalia," mkewe akasema. "Ukilisimamisha wima, kwa juu linaonekana kama kiwiko kilichokunjwa. Sasa kiwiko unakiingizaje kwenye mkono wa shati? Husukumi. Unatanguliza mgongo, unazungusha, halafu kiti kinafuata." Karatasi ikapita kwenye karatasi, ikakunja kona, ikatoka upande wa pili.

Shemeji akapiga kofi. "Haya, tulisimamishe!"

Wakalikamata, wakaliinua pale pale katikati ya karakana. Likapanda vizuri, vizuri, kisha bati likalia *ndooong!* na kutu ikawamwagikia vichwani.

"Subirini," mwalimu akasema, akifuta miwani. "Kochi likiinuka halipandi kwa urefu wake tu. Linapita kwenye ulalo, kutoka kona hii ya chini mpaka kona ile ya juu, na ulalo ni mrefu kuliko ubavu wowote. Likishasimama litapungua. Liinulieni mlangoni, paa liko juu huko."

"Lakini likishasimama, si litagonga kizingiti cha juu?" Shemeji akauliza.

Mkewe Jicho akainyooshea tepu mkono, lakini Jicho alikuwa ameshafumba jicho la kushoto. Aliangalia kizingiti cha juu, akaangalia kochi, akaangalia kizingiti tena.

"Litapita," akasema. "Kitabaki kidole."

Hakuna aliyembishia, ingawa mkewe aliikunja tepu taratibu sana.

Wakalisogeza, wakaliinua, na safari hii bati halikulia. Wakatanguliza mgongo. "Zungusha, zungusha," mkewe akawa anaimba, karatasi mkononi, "taratibu, kiwiko hicho!" Kitambaa cha kijani kikapita kikinong'ona kwenye mbao. Jicho alifumba macho yote mawili, na alipoyafumbua alikuwa nje, amelikumbatia kochi kama ndugu aliyetoka kifungoni. Lilipokuwa likipita, Shemeji alikuwa amepachika kidole kati yake na kizingiti cha juu. Kidole kiliingia.

"Kweli, kimebaki kidole," akasema kwa heshima.

Jicho alijitahidi asitabasamu, akashindwa.

Kwa mwalimu mlango ulikuwa mpana, likaingia bila maneno. Jumamosi iliyofuata Jicho na mkewe walipita kuliangalia, wakawakuta wajukuu wanne wamejipanga juu yake, magoti yakigusana, wanagombea nani akae pembeni. Mwalimu alikuwa kwenye kiti kigumu cha jikoni, amewaelekea.

Mkewe Jicho akaangalia kochi, akaangalia kiti. "Mwalimu," akasema, "mbona wewe hukujihesabu?"

Mwalimu akatazama huku na huku, kama mtu aliyeulizwa swali darasani. Ilionekana kabisa kwamba hakuwa amejihesabu. Lakini mwalimu ni mwalimu.

"Ningekaa nao," akajibu, "ningeona masikio matupu. Hapa nawaona nyuso zote."

Akamtuma mjukuu mkubwa akalete viti viwili zaidi kutoka jikoni.