Maharamia Nyuma ya Ukuta wa Jiko

Kwetu milimani Ileje, maji makubwa kuliko yote tuliyoyajua yalikuwa mto Songwe, na hata huo tuliuona siku za kwenda sokoni Isongole tu. Kwa hiyo wifi yangu, mke wa kaka yangu, alipofungua kitabu cha maharamia jikoni kwa mara ya kwanza, akasoma kwamba merikebu ilikaa siku kumi na nne bila kuona nchi kavu, nilimwambia huo ni uongo mtupu. Akakifunga kitabu juu ya kidole chake ili asipoteze ukurasa, akafikiri kidogo.

"Uliuona Songwe ulivyofurika masika iliyopita?"

"Niliuona."

"Basi uchukue vilevile, halafu uondoe ng'ambo."

Nimeiona bahari mara tatu tangu siku hiyo, nikiwa mtu mzima, na sijapata kukutana na mtu aliyenieleza vizuri zaidi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona mpaka anaingia kaburini.

Hizo zilikuwa enzi za Mwingereza. Kitabu kilikuja ndani ya sanduku lake la harusi, kati ya Biblia na kitabu cha nyimbo. Baba yake alikuwa mwalimu wa misheni, na wifi alikipata kama zawadi kwa kuwashinda wavulana wote katika kusoma. Mende walikuwa wamelila jalada pembeni, lakini picha ya mbele ilikuwa nzima: merikebu yenye matanga matatu, na watu wenye visu midomoni wakipanda ubavuni mwake kwa kamba. Niliitazama picha ile mpaka wifi akaniambia nitaitoboa.

Miezi mitatu baada ya harusi, kaka alikwenda Kopabelti kuchimba shaba, kama walivyofanya vijana wengi wa kwetu. Mama yetu alikuwa amekwisha kufariki. Nyumbani tukabaki watatu: baba, wifi, na mimi niliyekuwa na miaka kumi hivi. Na kati ya hao watatu, wawili hawakuruhusiwa kusemeshana.

Kwa desturi yetu, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Wifi akimwona baba anakuja njiani, aliacha njia, akajitosa majanini, akajifunika kichwa mpaka apite. Baba naye alikohoa akiwa mbali, ili kumpa nafasi ya kujificha. Ndiyo heshima yenyewe, na sitaki mtu aicheke; wote wawili waliishika bila kinyongo. Ila mimi ndiye niliyelipia kwa miguu. Wifi alipika, mimi nikapeleka. Baba alikula, mimi nikarudisha vyombo. "Mwambie wifi yako kuni za mvua ziko upande wa mashariki," baba alisema, na wifi yuko nyuma ya mgomba hatua tano tu, amesikia kila neno. Nilikwenda hizo hatua tano, nikasema, nikarudi na jibu ambalo baba naye alikuwa ameshalisikia.

Sasa, shule ya kijijini kwetu iliishia darasa la pili. Aliyetaka kuendelea alikwenda misheni, mwendo wa siku nzima wa kupanda na kushuka, na kulala hukohuko bwenini. Mwaka ule nilikuwa namaliza. Mwalimu alikuja nyumbani kumwambia baba kwamba nina kichwa chepesi na ingefaa niende. Baba alimsikiliza kwa adabu, akampa mkungu wa ndizi, akamwambia hapana.

"Akienda huyu, nani ataniletea chakula?"

Hakusema kwa ubaya. Lilikuwa swali la kweli. Mimi nililia juu ya maharage niliyokuwa nachambua. Nilitaka shule kama mtu anavyotaka maji, sitaona haya kusema hivyo. Wifi alinitazama tu. Angemwombaje baba mkwe? Kinywa chake kilikuwa mimi, na mtoto akijiombea mwenyewe kisha aseme ametumwa, nani atamsadiki?

Mvua za mwezi wa pili zilipotufungia ndani, ndipo akaanza kunisomea kila alasiri, sufuria ya maharage ikiwa motoni.

Enyi mnaosoma kwa macho tu, hamjui mlichokosa. Nahodha wa maharamia alikuwa na vidole saba tu na aliogopa radi, na wifi alimpa sauti ya karani wa boma, ile ya puani, mpaka nikawa nagaragara kwa kicheko. Baharia akichomwa kisu, wifi alishika ubavu wake mwenyewe. Merikebu ikiyumba, alikiyumbisha kigoda alichokalia. Wakati mwingine maharage yaliungua na hakuna aliyesikia harufu.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Maharamia waliteka merikebu, wakamwacha hai seremala wake kwa sababu ilikuwa inavuja. Mapipa ya maji ya kunywa yakaanza kukauka. Walikuwa na ramani ya kisiwa chenye chemchemi, lakini miongoni mwao hapakuwa na hata mmoja aliyejua kusoma. Majitu makubwa yenye panga, yameizunguka karatasi moja, yanaigeuza juu chini! Nilipenda sana mahali hapo. Ndipo binti wa seremala akatoka ndani ya rundo la kamba alimokuwa amejificha tangu bandarini.

"'Nilikuambia ubaki nyumbani,' seremala alifoka," wifi alisoma. "'Umekuja huku, sasa nani anamtazama babu yako?' Binti akajibu, 'Babu ana mikono, baba. Lakini humu merikebuni hakuna mwenye kusoma.'"

Nyuma ya ukuta, kisu kilinyamaza.

Kisu kilikuwa cha baba. Baba alisuka matenga ya mianzi, na siku zote alisukia upenuni mwa nyumba yake. Tangu usomaji ulipoanza, alihamishia mianzi yake nyuma ya jiko, chini ya ukingo wa paa, akasema upenu wake unavuja. Upenu ule haukuwa unavuja hata tone. Kiswahili, lugha ya kitabu kile, alikiokota ujanani katika machimbo ya dhahabu kule Lupa, kwa hiyo hapakuwa na kinachompita. Hadithi ikitulia, nilisikia kisu kikipasua mwanzi, kraa, kraa. Ikipamba moto, kimya. Tenga alilolianza siku ya kutekwa merikebu halikuisha mwezi mzima, na aliyelinunua alilirudisha kwa sababu limelegea upande mmoja.

Sikumwambia wifi kwamba baba yuko pale. Nilijua akisikia atakufa kwa aibu na kitabu kitarudi sandukuni. Nilijiona mjanja sana kwa kuitunza siri ile.

Jambo moja nililiona na sikulipa uzito. Wifi alisoma kwa kufuata mstari na kidole, kwa heshima, kama anayesoma Zaburi. Lakini binti wa seremala alipoingia, kidole kilisimama, na macho yake yalikwenda kwenye moto. Nilidhani sehemu hizo amezikariri kwa kuzipenda. Binti yule alisoma ramani, akawaonyesha maharamia mwamba uliojificha, akamwambia nahodha wa vidole saba aache kupiga kelele kwa sababu anamchanganya. Na kila mara baba yake seremala alitikisa kichwa, akasema, "Kumbe angebaki nyumbani, leo tungekuwa tumekufa kwa kiu."

Kisha wifi akaenda kwao kujifungua, kwa kuwa mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama yake. Zilibaki sura mbili. Kitabu aliniachia, akaniambia nisiwaachie mende.

Jumapili ya kwanza baba aliulizia kama mende hawajaingia sandukuni. Jumapili ya pili aliniambia upenu wake sasa hauvuji. Ya tatu, baada ya ibada, alikaa, akavuta mwanzi, akasema bila kunitazama, "Kile kitabu. Wewe si unasoma?"

Nilikileta. Nikakaa mkekani mbele yake, nikaanza, na mara moja nikajua kwamba sijui kusoma. Darasa la pili lilikuwa limenifundisha kusoma ubao, siyo merikebu. Niliokota silabi moja moja. Baba alivumilia. Tukafika kisiwani: seremala akashuka, mabaharia wakashuka, mpishi mzee aliyeisoma ramani akashuka.

Mpishi mzee?

Nikarudisha kurasa nyuma. Nikatafuta rundo la kamba. Kamba zilikuwepo, ndani yake hamna mtu. Nikatafuta babu, nikatafuta mwamba. Mwamba ulikuwepo, na aliyeuona alikuwa huyohuyo mpishi. Nilipekua kitabu kizima mbele ya baba. Seremala wa kitabuni hakuwa na mtoto wa kike. Hakuwa na mtoto kabisa.

Wifi alijua. Tangu siku ya kwanza alisikia kisu kile nyuma ya ukuta, kama nilivyokisikia mimi. Mwanamke ambaye mila ilimkataza kumwambia baba mkwe hata neno moja, alikuwa amemsemesha miezi miwili mfululizo, mchana kweupe, bila kuvunja mila hata kidogo. Na neno lenyewe lilikuwa moja tu: mwache aende shule. Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu.

"Na yule binti?" baba akauliza. "Yeye hakushuka?"

Kitabu kilikuwa wazi mapajani mwangu. Ningeweza kusema kweli, na wifi angeonekana mwongo. "Alishuka," nikasema. Nikainamisha macho kwenye karatasi, nikasoma yasiyoandikwa. Binti alitembea mbele ya wote. Binti alipima kivuli cha jiwe kama ramani ilivyosema, akawaambia wachimbe hapa, maji yakatoka, na nahodha wa vidole saba akanywa kwanza kwa uroho wake, akapaliwa. Kisha nikarudi kwenye maandishi, nikajikongoja mpaka kwenye ukurasa wa mwisho, ambapo seremala anarudi nyumbani na patasi zake.

Baba aliweka kisu chini.

"Mahali pengine pote," alisema, "umesoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Ukifika kwa binti unakimbia kama uko tambarare."

Nililaza kiganja juu ya ukurasa.

"Hayumo, siyo?"

"Hayumo, baba."

"Hata aliposoma wifi yako?"

"Hakuwamo."

Alinyoosha mkono, nikampa kitabu. Akakitazama kurasa mbili tatu, yeye asiyejua hata a, akageuza ukurasa kwa kidole kikavu chenye vibanzi vya mwanzi. Nilingoja akasirike. Mkamwana kumsemesha baba mkwe, hata kwa njia ya maharamia, ni jambo ambalo wazee wangelikalia kikao. Kuku wakaja kudonoa kati ya miguu yetu. Nilipomtazama, mabega yake yalikuwa yanatikisika. Baba alikuwa anacheka, na macho yake yana maji.

"Akirudi," alisema alipoweza kusema, "mwambie nimesikia."

Akaokota kisu chake, akapasua mwanzi mmoja, wa pili. Kisha akakiweka tena chini.

"Na umwambie hivi. Wewe ukiwa misheni, akimaliza kupika aweke chakula kwenye jiwe la mlangoni, halafu azunguke nyuma. Nitakohoa. Nitakuja kukichukua mwenyewe."

Mwanamume wa umri wake kwenda jikoni kujichukulia chakula, kwetu, miaka ile, lilikuwa jambo la kuchekwa toka bonde hadi bonde. Yeye alilijua hilo kuliko mimi.

Wifi alirudi na mtoto wa kiume mgongoni. Nilimpa ujumbe wote, neno kwa neno, kama nilivyozoea. Akakaa chini kwenye kigoda, akamshusha mtoto, akamnyonyesha, na kwa muda mrefu hakuweza kuninyanyulia uso.

Januari niliondoka asubuhi na sanduku la mbao kichwani, nikifuata watu waliokuwa wanakwenda upande wa misheni. Tulipofika juu ya kilima cha kwanza, niligeuka. Nyumba yetu ilionekana yote chini. Wifi alikuwa migombani, amejifunika khanga, amelipa mgongo jiko. Baba alikuwa anarudi kutoka mlangoni mwa jiko, sahani ya viazi mkono mmoja, kikombe cha uji mkono mwingine, anatembea polepole ili uji usimwagike. Majirani walikuwa wamesimama uani kwao wanamtazama, na hakuharakisha.