Uzi wa Kofia ya Chabane

Chabane alizaliwa Badjanani, mji wa kale wa Moroni, na tangu ujana alijigamba kwamba samaki wanamjua kwa jina. Alipooa Mutsamudu, katika kisiwa jirani, miaka ile ya Wafaransa, alihamia kwa mkewe Djaouharia kama desturi inavyotaka, maana kwetu nyumba ni ya mwanamke na mwanamume huingia na furushi lake. Chabane aliingia na majigambo yake pia.

Bahari ya Mutsamudu ikamuumbua. Kwao alizoea chambo cha pweza, nyama ngumu isiyobanduka ndoanani. Huku alipata dagaa tu, laini kama ndizi iliyoiva. Akishusha mshipi, visamaki vinadonoa kidogo, naye anapandisha ndoana tupu. Mashemeji walimuuliza kama samaki wa Moroni huruka wenyewe mtumbwini. Alicheka nao, lakini ilimuuma.

Wakati huo Djaouharia alikuwa akimdarizia kofia ya Idi. Ni kazi ya miezi, kila kitundu kinazungushiwa uzi mweupe, na mke humdarizia mumewe. Basi alipoona kidonge cha uzi kinapungua kuliko kofia inavyosonga mbele, alianza kushuku. Nani mwingine aliingia chumbani ila Chabane? Na safari za Moroni hazikumwisha, eti anakwenda kumwona mama yake. Djaouharia akaamini kwamba Badjanani kuna mwanamke anayemdarizia Chabane kofia nyingine, tena kwa uzi wa Djaouharia mwenyewe.

Hakumuuliza. Mimi ningemuuliza siku ileile, tena kwa sauti, lakini yeye alikuwa mtu wa kumeza mambo. Asubuhi moja, Chabane akiwa baharini, alizikusanya nguo zote za mumewe, akazifunga furushi na kuliweka nyuma ya mlango. Mama yake Djaouharia, Bi Moinaecha, aliliona, akaendelea kukuna nazi. Mume akikuta furushi lake mlangoni hahitaji kuelezwa kwamba amefukuzwa. Machozi yalikuwa yakimlenga Djaouharia tangu alfajiri.

Adhuhuri kaka yake, Saïndou, akaleta kolekole mkubwa.

"Wa mumeo huyu. Yeye anapandisha mtumbwi, anakuja. Angalia, ameimeza ndoana."

Djaouharia alimpasua samaki bila hamu. Kooni akaikuta ndoana, na juu yake kipande cha dagaa kilichokunjwa, ngozi nje, kimezungushiwa uzi mweupe mara nyingi na kukazwa, ncha tu ya ndoana imeachwa wazi. Akausugua uzi kwa kidole. Ulikuwa wake. Akakaa chini palepale, mikono ina damu ya samaki, akacheka mpaka akalia.

"Mama," alisema, "uzi wangu anawashonea samaki."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Moinaecha, na kwa mara ya kwanza siku ile akaiacha mbuzi ya nazi.

Chabane akaingia, akaliona furushi na uzi mkononi mwa mkewe, uso ukamshuka.

"Ni kwa ajili ya uzi, mke wangu? Niliona haya kusema kwamba chambo kinanitoka."

"Uzi ukiutaka, niambie nikukatie," alisema Djaouharia.

"Na furushi hili?"

"Nguo chafu. Nazipeleka mtoni."

Akalitwika kichwani akatoka haraka. Zilikuwa safi zote, lakini alizifua moja moja mpaka jua likapoa.